Kitabu ya Leila, na namna niliipeleka Kabambare

Hapana, mbuzi hakuikula. Aliilamba tu kwa kona, na haki alikuwa nayo, sababu ndani ya ile kitabu wamechora mbuzi saba, na yeye aliona ndugu zake. Najua ile njo mutaniuliza ya kwanza, basi naijibu mbele mufungue kinywa. Ya pili mutaniuliza kama nilirudi na mutoto. Ile mungojee. Mwenye haraka aende kupika.

Zuhura, rafiki yangu wa Nyangwe, hii barua ni yako pia. Umenitumia watu watatu wa mitumbwi kuuliza, "Mwavita alifika? Mwavita alifika?" kama mimi ni gunia ya chumvi. Anayeandika ni binti ya Mama Asha, yeye alisoma kwa masista. Nimemukataza kunitengenezea maneno. Akitengeneza nitajua, hata kama sijui kusoma, sababu uso wake utakuwa wa heshima.

Kasongo, mbele ya kupanda kamio

Bwana Eliasi munamujua, yule Mulubani wa duka ya vitambaa, mutu wa Lubani, kule kwa Waarabu. Yule kinywa yake haina "pa". "Mama Mwavita, bole, bole! Leo sukari habana. Njoo kesho, nitakubatia."

Alipofika hapa, wazee wetu waliona maandishi ya Kiarabu juu ya mulango yake, wakafurahi. Ijumaa wakavaa kanzu, wakaenda kumuchukua kwa musikiti. Akatoka na musalaba mudogo kwa shingo: "Asante, wazee wangu, mimi nasali kule kwa mabadri." Wazee wakarudi kama watu wa harusi walioingia nyumba isiyo yake. Wazungu nao, kwa klabu yao ya jioni, hawakumuita hata siku moja. Kwa Wazungu ni Mwarabu, kwetu ni Muzungu. Mutu mumoja, milango mbili imefungwa, na kwa duka yake tunaingia wote.

Bibi yake alikufa na homa, binti yao Leila akiwa na miaka tatu. Mimi njo nilimubeba yule mutoto kwa mugongo mpaka mugongo ukapinda, munaona wenyewe. Aliniita nkambo, sawa na wajukuu ya tumbo yangu. Mama yake alimuachia kitu moja tu ya kwao: kitabu ya watoto, na picha, na yale maandishi yao kama siafu wanahama.

Mutoto akilia, ananiletea: "Nkambo, soma." Mimi! Mimi hata jina yangu ukiiandika kwa ukuta nitapita. Nikaishika tu. Musahafu unafunguliwa upande wa kuume, ile najua, lakini Musahafu hauna picha ya mbuzi. Kitabu ya picha ni ya aina ya masista. Nikaifungua kama masista wanafungua yao, nikaanza.

"Kulikuwa mutoto mwanamuke kwa inchi ya wageni." Picha iko pale: watoto wa Wazungu wanamunyooshea kidole, wanamucheka nguo na namna ya kusema. "Baba yake alikuwa anatembeza vitu vya kuuza kwa sanduku." Iko pale, na sanduku kwa mugongo. "Siku moja wakachoka kuchekwa, wakapanda meli." Meli iko pale, mawimbi kama milima. "Wakaona milima ya kwao, na mbuzi saba." Na kwa mwisho, mama muzee amesimama kwa mulango ya nyumba ya mawe, ameinua mikono mbili juu.

"Nkambo, anafanya nini na mikono?"

"Anamupokea. Alimungojea siku zote."

"Na ni nani?"

"Ni mimi."

Kila siku vile, miaka saba. Nikiruka neno, ananipiga kwa goti.

Halafu Bwana Eliasi akahamisha duka Kabambare. Mimi sikuweza kufuata, dada yangu alikuwa mugonjwa. Leila akanipa kitabu mbele ya kupanda kamio, ile lori ya mizigo. "Nakuachia, nkambo, ili nirudi." Munajua kwetu: mutu aliyeacha kitambaa yake kwa nyumba yako, huyo hajaenda. Nikaifunga ndani ya kitambaa nyeupe, nikaitia juu, chini ya majani ya nyumba, mahali panya hafiki.

Mwaka moja. Siku ya kwanza ya juma ile, shofere Hamisi wa kamio ya pamba ananiambia, na yeye anasemaka kwa pua: "Mama Mwavita, mutoto yako ya Mulubani anaenda kwao, Lubani. Baba anamutuma asome. Kamio ya kwenda kwa ziwa inamubeba Ijumaa."

Mama Asha akaniambia, na mikono kwa kiuno vile mumuzoea, "Wewe uache kitabu kwa nyumba. Ukimupelekea, umemufungulia mulango."

Nikamujibu, "Nyamaza, niko na akili yangu." Na nilikuwa nayo. Bwana Eliasi, ile miaka yote saba, hakusikiaka hata siku moja namna tunasoma. Nilisema: nitakaa mbele yake, nitafungua kitabu ya watu wake mwenyewe, asikie kwa masikio yake kama mutoto anayepelekwa kwa wageni anachekwa, na kama anarudi kwa muzee aliyemulea. Nani atamupandisha mutoto kamio nyuma ya ile? Nikapika mikate ya muchele, nikaondoka.

Juu ya pamba

Kwa nyuma ya kamio tulikuwa mimi, marobota ya pamba, na mbuzi ine za mutu sijui nani. Kwa mbele, pembeni ya Hamisi, alikaa komi moja wa bilo, karani wa ofisi ya Wazungu, soksi nyeupe mpaka kwa magoti. Huyu Kifaransa inamutoka kama jasho: "Alor, shofere, alor! Tunaenda ama tunalala?"

Kwa kilima ya pili mbuzi akavuta kitambaa yangu. Nikapiga kelele, Hamisi akafunga breki, akazunguka, akakuta kitambaa imefunguka, na maandishi ya siafu iko inje, na ulimi ya mbuzi juu yake.

"Mama! Musahafu kati ya mbuzi!"

"Hamisi, ni kitabu."

"Ni kitabu, naona ni kitabu! Kitabu ya Mungu kati ya mavi ya mbuzi, kwa kamio yangu, na huko mbele kuna daraja ya miti! Unataka tufe?"

Akaenda kufungua mulango ya mbele. "Komi, shuka. Panda nyuma."

"Komaa? Namna gani, mimi?"

"Wewe. Kuna mukubwa kuliko wewe."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilipanda. Kwa kioo kidogo nilimuona komi na soksi zake, mbuzi anazionja moja moja. Nilicheka mpaka Hamisi akafikiri nasali.

Kwa muto

Yule aliyecheka alilipa kwa muto. Mvua ilikuwa imejaza maji, na baki, ile ya mitumbwi imefungwa pamoja na mbao juu, ilikuwa ngambo ingine. Wavutaji wake walikuwa wanakula. Ukiwaita wanainua mukono, maana yake tumesikia, na wanaendelea kula. Na sisi tukakula. Mama moja pale anapika sombe, majani ya muhogo, na samaki ndogo za kukauka, anatia mawese mpaka kijiko inasimama peke yake. Nilimwambia, "Mama, wewe bwana yako hawezi kutoroka." Akaniambia, "Alitoroka. Lakini anakujaka kula."

Wakati nalamba vidole, komi akaenda kunong'ona kwa polisi. Polisi akanijia na uso mupya. "Mama, unabeba kitabu ya Kiarabu. Kitabu ya siasa. Bwana anataka kuiona."

Bwana alikuwa kijana wa Kizungu, amekaa chini ya hema, pua nyekundu kama pilipili. Polisi akamupa kitabu na mikono mbili, kama inaweza kupasuka. Akaifungua kama mimi, upande wa masista. Akatazama. Akageuza. Akatazama tena.

"Hii mutoto nalia juu ya nini?" Kiswahili yake ilikuwa inachechemea.

"Wanamucheka, Bwana. Ni mugeni."

"Ah bon." Akageuza mpaka mwisho. "Na hii mama muzee? Nafukuza ndege kwa shamba?"

"Hapana, Bwana. Anamupokea mutoto."

"Mi nafikiri nafukuza ndege." Akafunga. Akamuambia polisi, "Siasa ya mbuzi," akacheka peke yake, na polisi akacheka nyuma yake, kidogo, kwa kipimo ya mushahara.

Natoka kwa hema, natazama muto: baki imeshakuja na kuvusha, kamio yangu iko ngambo ile, inapanda kilima. Komi alimuambia Hamisi wamenifunga. Niliona soksi moja nyeupe kwa dirisha ya mbele, amerudi kwa kiti yake. Nilimuita jina ambayo binti ya Mama Asha anakataa kuandika.

Ile ilikuwa siku ya tatu ya juma. Leila anaondoka ya tano, njo Ijumaa.

Kesi ya bata

Nilivuka na baki ya nyuma, nikatembea. Kichwa inabeba mikate, kifua inabeba kitabu. Kesho yake magoti yakaanza kunisema vibaya. Njo nikafika kijiji moja ya Wabangubangu, nikaona kinga, njo baiskeli, imesimamishwa kwa ukuta, mupya, na kengele. Nikasema: huyu mwenye baiskeli njo bwana wangu leo.

"Nani mwenye kinga?"

"Ni Kalonda," wakaniambia. "Lakini Kalonda hawezi kutoka. Yuko na kesi."

Na kweli, watu wote walikuwa wamekaa, sultani wa kijiji katikati kwa kiti, na huku Kalonda, mwanaume murefu, shingo kama ya bata mwenyewe, na huku jirani yake, mama moja mufupi ambaye bata yake ilipotea. Huyu mama alikuwa anasema bila kuvuta pumuzi: "Bata yangu inajua njia, bata yangu haiendake kutembea, bata yangu ilipita mbele ya nyumba ya Kalonda na haikupita nyuma, sasa niambieni, ilipaa?"

Kalonda: "Labda ilipaa."

"Bata!"

Sultani akaona kitambaa yangu nyeupe kwa kifua, na maandishi yanachungulia. Akasimama. "Mungu ametuletea kitabu. Kalonda ataweka mukono juu, aape."

Ndugu zangu, hapo sikucheka. Kuapisha mutu juu ya mbuzi saba za Lubani, ile ni muchezo na Mungu. Nikasema kweli yote, na sauti ya musikiti: "Sultani, hii si Musahafu. Ni kitabu ya mutoto wa Mulubani. Ndani muko mbuzi, na meli, na watoto wanacheka."

Watu wakasogea karibu. Sultani akatikisa kichwa polepole: "Munaona? Mwenye kitabu ya kweli hajisifu."

"Sultani, nakuambia ni mbuzi!"

"Tumesikia, Mama. Kalonda, lete mukono."

Kalonda akaleta mukono. Ukafika karibu na kitambaa. Mama wa bata akaacha kusema, mara ya kwanza tangu asubui. Mukono ukasimama pale juu, hauendi, haurudi.

"Ilikuwa ndogo!" Kalonda akalia. "Ilikuwa bata ndogo sana!"

Kelele ile! Wanawake wakapiga vigelegele, mama wa bata akamupiga na kandambili, halafu akamupiga vilevile mutu mwengine aliyekuwa karibu. Sultani akakata: Kalonda atarudisha bata mbili, na mbele ya ile, atanipeleka Kabambare, sababu nimekuja kumuokoa na uongo.

Alinikanyagia ile kinga kama mutu anakimbia mazishi yake mwenyewe. Kwa kilima nashuka, nasukuma naye. Kwa mutelemuko nafunga macho. Kila wakati ananiuliza bila kugeuka: "Mama, inanitazama?"

"Inakutazama."

"Ah, Mama. Ifunike vizuri."

Kabambare

Tulifika Ijumaa asubui. Kamio ya ziwa ilikuwa imesimama mbele ya duka, shofere wake anamwaga maji kwa injini. Valizi ya mutoto, sanduku yake ya nguo, iko juu tayari, nyekundu, imefungwa na kamba. Nilishuka kwa kinga na miguu ya mutu mwengine.

"Nkambo!"

Niliacha mutoto wa kunifika kwa bega. Huyu ananitazama macho kwa macho. Viatu vyeusi, nywele zimesukwa moja nyuma kama masista wanapenda. Alinikumbatia mpaka mikate ikalia, kwa maana ilikuwa imekauka kama mawe. Aliikula vile vile. Ilikuwa inapiga kelele kwa meno yake, krr, krr, na anasema, "Ni tamu, nkambo," na machozi ya kukabwa.

Bwana Eliasi akatoka na mikono wazi. "Mama Mwavita! Na baiskeli! Bole, bole sana! Keti, kula." Akaniletea mukate wao ule mwembamba kama shuka, na mafuta, na majani makavu ya kusaga, yenye uchungu, kama dawa ya tumbo. Nilikula tatu, na tumbo yangu haikuwa mugonjwa.

Leila alikuwa anafungua kitambaa. Alipitisha kidole juu ya siafu za inje, midomo inacheza. Bwana Eliasi akaniambia, na kifua imejaa, "Huu mwaka nimemufundisha herufi zetu, huku kwa meza ya duka. Anasoma hata barua za mama yangu."

"Vizuri," nikasema, lakini akili yangu ilikuwa kwa shofere, aliyekuwa anafunga kifuniko ya injini. "Leila, leta. Tusome, mara moja, mbele uende. Na baba akae asikilize."

Bwana Eliasi akakaa juu ya sanduku ya sabuni. Leila akaja kwa magoti yangu, miguu mirefu inafika kwa mulango. Nikafungua kitabu. Niliona Bwana Eliasi anatazama mikono yangu, namna niliishika, akafungua kinywa, akaifunga tena.

Nikasoma. Wee, nilisoma kuliko siku zote! Watoto wa Wazungu nikawapa sauti ya yule komi: "Alor, mutoto, alor! Unatoka wapi na ile nguo?" Baba na sanduku yake nikamupa sauti ya Bwana Eliasi mwenyewe: "Kitambaa, Mama! Bei muzuri! Habana? Bole, nitabita kesho." Akacheka, yule mwanaume, halafu kicheko kikakatika katikati. Sababu ile nilikuwa naona kwa picha tu, yeye alikuwa ameiishi. Meli nikaifanyia upepo. Mbuzi saba nikalia zote saba, ya mwisho na ulimi inje. Kalonda alikuwa kwa dirisha na mukono kwa kinywa.

Na tukafika kwa mama muzee.

"Alimungojea siku zote," nikasema, polepole sasa. "Kila kamio ikipita anatoka kwa mulango. Kila kamio. Na siku moja akamuona, akainua mikono mbili, akasema: umerudi, mama yangu, kwa wageni ilikuwa mbaya, hapa hakuna wa kukucheka. Na yule mutoto hakuondoka tena."

Inje shofere akapiga honi. Hakuna aliyesimama.

Bwana Eliasi alikuwa amejifunika macho na mukono. Halafu akasema, sauti haina nguvu, "Mama yake alikuwa anasomaka hii kitabu kwa kitanda." Akapangusa uso na mukono ya shati. "Na kule kwetu watamucheka. Kiarabu yake ni ya duka. Labda... labda mwaka moja tena. Arudi na wewe Kasongo, asome kwa masista. Kamio habana kuisha." Akasimama, akaenda kwa mulango. "Shofere! Ngojea. Shusha valizi."

Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kupanga mahali Leila atalala. Shofere alikuwa juu ya kamio, kamba kwa mukono.

Leila akanitoa kitabu kwa magoti, taratibu, na mikono mbili. Akaifunga. Akaigeuza, nyuma ikawa mbele. Akaifungua upande wa kuume, na wa kwanza kutoka alikuwa yule mama muzee, kwa mulango yake, na mikono juu.

"Inaanzia huku, nkambo," akasema. "Huyu hamupokei mutoto. Anamuaga."

Kamio ilipoondoka na yeye, nilisimama kwa mulango, nikainua mikono mbili juu.